Kaburi la Mume Mwenzangu

Miaka ile gesi ilipopatikana chini ya bahari yetu, kila mtu hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa na mtu wake wa kumwonea wivu. Wavuvi waliwaonea wivu vijana waliopewa kofia ngumu na buti za kampuni. Vijana hao waliwaonea wivu wenzao kutoka Maputo, waliovaa kofia hizo hizo lakini wakalala kwenye vyumba vya baridi. Wenye nyumba za makuti waliwaonea wivu wenye nyumba za bati, kwa kuwa wapangaji wageni walitaka bati. Mimi nilimwonea wivu mtu aliyekufa.

Wala sikuwahi kumwona. Alikuwa nesi wa zahanati katika kijiji cha pwani, safari ya pikipiki kutoka Palma, Mmakua aliyeletwa na serikali kutoka kusini, Mkristo karibu peke yake katikati ya Waislamu. Malaria ilimuua masika moja. Mjane wake akahamia mjini, nikamkuta huko anauza maandazi karibu na sekondari ninakofundisha, na baada ya muda nikamwoa. Nilidhani nimeoa mwanamke mmoja. Kumbe nimeingia katika nyumba ya watu watatu, na mimi ndiye niliyechelewa kufika.

Mimi ni mtu wa chuo kikuu. Nilisoma sosholojia Maputo, na tasnifu yangu ilihusu wajibu wa mtu kwa jamii yake. Imesomwa na watu wachache, mmojawapo ni mimi. Kwetu aliyemaliza chuo kikuu huitwa dotori, na nilirudi pwani nikiisubiri heshima hiyo kwa hamu. Lakini kwa mke wangu dotori alishakuwepo. Wanakijiji walimwita nesi wao hivyo kwa sababu alikuwa akiwachoma sindano na kuwazalisha wake zao, na mke wangu akazoea. Alipotaja "dotori" mezani, nilijua anayetajwa si mimi. Mimi nilikuwa "mwalimu", na siku akikasirika, "wewe".

Sifa za marehemu zilikuwa nyingi, nami nilizijua zote kama mtu anavyojua kidonda chake. Kubwa kuliko zote ni hii: aliamini kwa moyo wote kwamba Bwana anarudi, na kwamba hatakawia. Kila Jumapili alihubiri hivyo chini ya banda la zahanati, mbele ya mkewe, mlinzi mmoja na wagonjwa wasioweza kukimbia. Kisha Jumatatu alipanda juu ya bati kuziba matundu. Mkewe alimuuliza faida ya kuziba paa la dunia inayokwisha. Akajibu, "Akija anikute huku juu. Kunikuta juu ya bati na misumari mdomoni ni bora kuliko kunikuta nimekaa namsubiri kama anayesubiri gari."

Nilihadithiwa jibu hilo mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Ningekuwa nimelisema mimi, ningeliandikia makala.

Tulikuwa na kanisa dogo la mbao mjini, lililojaa makarani, mafundi na wauguzi kutoka mikoa mingine. Mke wangu alikuwa nguzo yake. Mimi nilibatizwa Mkatoliki utotoni na baadaye nikajibatiza tena, chuoni, kuwa mtu asiyeamini kitu. Hata hivyo nilikwenda kila Jumapili, kwa sababu mchungaji mpya, kijana wa Beira, alihubiri kwa Kireno, na alihitajika mtu wa kumgeuzia kwa Kiswahili. Kwa hiyo mimi, nisiyeamini, ndiye niliyeutangaza mwisho wa dunia kila wiki kwa watu wa Palma. Nadhani niliutangaza vizuri. Mama mmoja alizimia.

Mchungaji aliiona gesi kuwa ishara. Moto umelala chini ya maji, alisema, na sasa watu wanauamsha. Nini tena mnasubiri? Waumini wakamsikia. Fundi mmoja aliacha nyumba yake bila milango. Wengine hawakupalilia mihogo, nguruwe pori wakala kwa niaba yao. Na utawala ulipoomba kila dini itoe wawakilishi wa kuongea habari za vijiji vitakavyohamishwa kupisha mradi, kanisa letu halikutoa mtu. Miaka ile, kabla vita havijatukimbiza, neno kuhama lilikuwa bado na maana moja tu kwetu, na hiyo moja ilitutosha kwa ugomvi.

Mojawapo ya vijiji hivyo ni kile cha zahanati. Nyumba zitahama, mashamba yatahama, na makaburi pia. Marehemu wangu angehamishwa.

Jumapili hiyo mchungaji alisema waumini wasijisumbue na mifupa. Mifupa ina Mwenyewe, na Mwenyewe yuko njiani. Nikageuza kwa Kiswahili, na moyoni, kwa mara ya kwanza, nikakubaliana na mahubiri neno kwa neno. Ndipo mke wangu akasimama katikati ya wanawake.

"Mchungaji, samahani. Bwana akija kesho, atakukuta unafanya nini?"

Nikamgeuzia kwa Kireno. Mchungaji akatabasamu. "Atanikuta naomba."

"Vizuri. Na mimi akinikuta namhamisha mume wangu, atanikasirikia?"

Hapo ilibidi nigeuze tena. Nilisimama mbele ya kanisa zima, na kwa mdomo wangu mwenyewe nikasema kwa Kireno, "namhamisha mume wangu". Watu wakanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, kana kwamba wanapima sanduku. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa ili asicheke.

"Mama," mchungaji akasema, "hata akiwa chini ya bahari, Bwana atamwona."

"Kumwona atamwona. Mimi nauliza habari yangu. Watu walioishi naye wanabeba wafu wao, na sisi tumekaa hapa tunaimba. Hiyo siku wakituuliza tulikuwa wapi, tutasema tulikuwa tunawasubiri wao wafufuke?"

Nikageuza yote, hata nikaongeza chumvi kidogo, maana hoja ilikuwa ya tasnifu yangu, ila yangu haikuwa na utamu huo. Mchungaji akasema tuombe.

Jioni hiyo jikoni, mke wangu alikuwa akikuna nazi na mimi nimesimama mlangoni nikijifanya natafuta kisu.

"Wewe unaongea na wale wanaohamisha makaburi," akasema. "Wanakuelewa. Waambie alazwe kama wanavyolazwa Wakristo, miguu mashariki. Akiamka asimame amemwelekea Bwana anakotokea. Kijijini alilala vizuri, miguu baharini. Huko wanakotupeleka bahari haionekani, wasije wakakosea."

"Nitawaambia."

"Na wanipe nafasi ya watu wawili."

Nikaacha kutafuta kisu. "Wawili nani na nani?"

"Yeye na mimi."

"Na mimi?"

Akaendelea kukuna nazi. "Wewe si ulisema mbele ya wageni wako kwamba ukifa wakutupe popote, maana hapo hakuna kitu tena?"

Ni kweli nililisema, siku walipotutembelea walimu kutoka Pemba. Lilipendeza sana siku ile.

"Mama," nikasema, "si mnafundishwa kwamba huko hakuna kuoa wala kuolewa?"

"Hakuna. Ndiyo maana usiwe na wasiwasi."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Kwa mtu mwenye imani yangu, mwili ni mbolea na kaburi ni shimo. Lakini nilijiona mwenyewe siku ya parapanda, nimetupwa popote kama nilivyoomba, nainua kichwa peke yangu vichakani, na kwa mbali nawaona wale wawili wanakung'uta mchanga na kusalimiana. Hata katika kiyama nisichokiamini nilikuwa nimechelewa.

Nilikwenda kuonana na fundi wa serikali aliyepima makaburi mapya, kijana mpole aliyesomea Maputo kama mimi. Nilieleza ombi kwa Kireno kizuri, nikiwa na matumaini makubwa kwamba litakataliwa. Serikali imeninyima mambo mengi maishani, na sikuona sababu ya kubadilika siku hiyo. Kijana akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Nafasi mbili, miguu mashariki, upande wa Wakristo. Hakuna tatizo, mwalimu. Mtu lazima apumzike na mkewe." Akanipimia kiwanja papo hapo, vigingi vinne, mapana ya watu wawili. Nikamshukuru. Sijui nani mwingine amewahi kumshukuru mtu kwa jambo kama hilo.

Siku ya kuhamisha tulikwenda asubuhi, mimi, mke wangu na wazee wawili wa kanisa waliokuja bila kumwambia mchungaji. Kijiji kizima kilikuwa makaburini. Wanaume walichimba, wanawake wamekaa mbali kidogo chini ya turubai, kila ukoo na makaburi yake. Watu wa afya walivaa glavu na vitambaa vya mdomo. Kaburi la marehemu lilikuwa pembeni kabisa mwa makaburi ya Waislamu, na msalaba wa mbao umesimama upande wa bara.

Msiba kwetu hauendi bila watani, na marehemu alikuwa na mtani wake pale kijijini, mwanamume mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Aliponiona tu akatupa koleo.

"Shikamoo bwana mdogo! Umekuja kuhakikisha mwenzako hatoki?"

Wachimbaji wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa mtani hakasirikiwi.

"Usiogope," akaendelea, "Wamakua ni wavivu. Hata wakiitwa kwa parapanda wanauliza kama chai iko tayari. Una muda wa kutosha na mke."

"Chimba wewe," nikamwambia.

"Nachimba! Ila huyu mwenzako alikuwa akinichoma sindano za matako, leo namchokonoa mimi. Dunia ina haki."

Mke wangu naye alicheka, kicheko ambacho mimi sijawahi kukipata kwa hadithi zangu zote za chuo. Alisimama ukingoni mwa kaburi. Wanawake wa kijiji walimwita akae nao, akakataa kwa upole, akasema safari hii anataka kuona. Siku ya maziko hakuona. Alifuata desturi ya pale, akabaki nyumbani na wanawake, wanaume wakaenda kuzika kabla jua halijazama. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Wenzake wa kanisa walifika baada ya siku kadhaa, wakaimba juu ya tuta, wakasimika msalaba, wakarudi.

Walipofika chini, mtani akaweka koleo kando. Yule wa afya mwenye glavu akainama, akapangusa mchanga kwa mkono, akapangusa tena. Akamtazama mwenzake.

"Kichwa kiko huku," akasema.

Kilikuwa upande wa bahari. Miguu ilikuwa bara, chini ya msalaba. Na hakulala chali. Alilala kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kaskazini, kama walivyolala wote waliozunguka pale, wanaoelekea Makka.

Wazee wa kanisa walitazamana. Kutoka upande wa wachimbaji akaja mwanamume mwenye duka la chumvi na sabuni, aliyekuwa jirani wa marehemu ukuta kwa ukuta, amevua kofia.

"Mama," akasema, "usitulaumu. Siku ile hakukuwa na mwenzenu hata mmoja, na kiza kinaingia. Tulijua nyinyi mna namna yenu, lakini namna yenyewe hatukuijua. Kumswalia hatukumswalia, hilo lilikuwa lenu. Kuosha tunajua. Sanda tunajua. Kulaza tunajua namna moja tu, ile tuliyowalaza baba zetu. Tukasema tusimtupe mtu kama huyu kwa kubahatisha."

"Miaka yote hii," mke wangu akasema taratibu, "mlikuwa mnajua?"

"Tulijua. Wenzako walipokuja kusimika msalaba miguuni tukaona aibu kusema."

Mtani hakuweza kujizuia tena. "Kwa hiyo Wakristo mlikuwa mnaimbia nyayo!"

Lazima niseme nilivyojisikia. Kwanza nilifurahi. Furaha ndogo, chafu, iliyonipanda kama kikohozi: hatimaye yule mkamilifu ana kasoro, amegeuzwa nyuma mbele, Bwana akija atamkuta amempa kisogo. Furaha hiyo ilidumu muda wa kuvuta pumzi. Maana nilipoangalia nyuso za wale wachimbaji, wavuvi na wauza chumvi wanaona aibu kwa sababu walimzika mgeni wa dini nyingine kama wanavyozika baba zao, nilijiuliza ni nani angenifanyia mimi kosa hilo. Wanafunzi wangu wangenizika kwa usahihi kabisa, kisha wakauliza kama kesho kuna shule.

Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Si neno. Leo tunamgeuza. Nafasi iko tayari, ya miguu mashariki."

"Mgeuzeni, ni wenu," mwenye duka akasema. Lakini hakuondoka.

Mke wangu akamuuliza, "Nani aliingia naye kaburini?"

"Mimi, na kaka zangu wawili. Mmoja yuko Namoto, anavusha watu mtoni. Mwingine yule pale." Akaonyesha kaburi la pili kutoka letu, ambalo nalo lilikuwa wazi. "Yeye ndiye aliyemshika kichwa. Mwaka uliofuata tukamleta hapa hapa."

"Na huko mnakokwenda, nyinyi mtakuwa wapi?"

"Upande ule wa pili wa njia. Tumepewa safu yetu." Akasita. "Tulitaka kuomba, tukaona haya. Tulitaka dotori awe mwisho wa safu, kama alivyokuwa hapa."

Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akasafisha koo. "Alikuwa pembeni yetu miaka yote. Sijasikia mtu wa chini akilalamika."

Kijana wa Maputo akaja na uso wa huruma. Alieleza kwamba mwisho wa ile safu nafasi ni moja, baada yake ni uzio. Akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, akaona ni bora atazame uzio.

Nilijua mke wangu anachagua nini. Alikuwa na kiwanja tayari, ya watu wawili, mashariki sawasawa, jinsi alivyoomba. Alikuwa na imani ya miaka mingi kwamba siku ile wataamka bega kwa bega. Wazee wa kanisa walikuwa upande wake, nami, kwa mdomo, nilikuwa upande wake. Alipiga magoti ukingoni, akaangalia chini kwa muda mrefu. Sikuwahi kumwona akinitazama mimi hivyo, na sioni ni kitu gani ningefanya ili nitazamwe hivyo, isipokuwa kile alichofanya marehemu, nacho kilikuwa kazi nyingi.

"Msimgeuze," akasema. "Mpelekeni na watu wake. Alivyolazwa, alazwe hivyo hivyo."

"Mama," mzee wa kanisa akanong'ona, "na Bwana akija?"

"Atamkuta katikati ya wagonjwa wake. Ndivyo alivyotaka akutwe. Mimi nitatafutana naye."

Nitatafutana naye. Neno hilo lilinichoma kuliko zile nafasi mbili. Kwa hiyo nilikuwa nimepata nilichokitaka, kaburi la watu wawili limevunjika, na nilikuwa na wivu kuliko asubuhi. Mtu anayetaka kulala karibu na mwingine nilimwelewa. Huyu alimpenda kiasi cha kumwacha.

Wakamfunga katika kitambaa cheupe kipya, mwenye duka akamshika kichwa. Mtani alibeba miguu, analia na kutukana kwa pamoja.

Tulirudi Palma nyuma ya gari la kampuni, vumbi limetupaka rangi moja. Karibu na mjini nikamuuliza mke wangu, nikijaribu kusikika kama mtu anayeuliza bei ya samaki.

"Ile nafasi ya watu wawili itakuwaje?"

"Ipo. Mmoja wake ni mimi."

"Na ya pili?"

"Ya atakayeiomba."

Nikakohoa vumbi. "Mimi siamini kwamba nitaamka, unajua. Lakini kulala si lazima kuamini."

Akanigeukia. Kitambaa chake kilikuwa kimejaa vumbi jekundu na macho yake yamevimba. "Dotori hakuniomba nafasi," akasema. "Watu wamegombania mifupa yake leo, umeona. Yako nani atagombania?"

"Hilo ndilo nauliza."

"Kuna makaburi ya watu wasio na ndugu, wale wapita njia na watoto wa wageni. Hakuna anayewachimbia mapya. Nimewaambia wanakijiji Jumamosi tunakuja, mimi na wewe. Mchungaji akipenda aje. Halafu tutaongea habari ya nafasi."

Mchungaji alikuja, kwa kweli, na suruali ya Jumapili aliyoikunja hadi magotini. Alichimba vibaya kuliko mimi, jambo lililonipa faraja. Jua lilikuwa kali na udongo wa bara si mchanga wa pwani. Kila pigo la jembe lilinirudia begani. Mke wangu alikuwa akichota maji na kucheka na wanawake wa kijiji, na kila aliposema "dotori" nilichimba kwa nguvu zaidi.

Mwenye duka alipita akakagua shimo langu, mtani yuko nyuma yake.

"Niambie kweli," nikamwambia mwenye duka. "Mimi nikifa, mtanilaza upande gani?"

Akafikiri kwa uaminifu, kama anayeulizwa kama sabuni ipo. Mtani akamtangulia, akachungulia ndani, akanipima kwa macho.

"Wewe, bwana mdogo? Bado hujafika magotini. Endelea kwanza, tutakwambia."